Chema Chajiuza? Waandishi wa Matangazo na Haya ya Kujinadi

Wako vijana wengi hapa Pwani, wake kwa waume, waliojaaliwa kuyapanga maneno ya Kiswahili yakakaa kama shanga uzini. Mwenye duka la mchele akiwaendea humtungia tangazo la redio ambalo watoto hulikariri mitaani wiki nzima. Mwenye hoteli akiwaendea humpa maneno manne tu, na maneno hayo yakawa ndiyo sura ya hoteli yake. Lakini ukiwauliza vijana hao kazi ya mwezi ujao itatoka wapi, watakujibu kwamba wanangoja simu. Wamekwisha kumnadi kila mtu mjini isipokuwa nafsi zao.

Tunaowazungumzia ni waandishi wa matangazo wa kujitegemea, yaani wale wasioajiriwa na kampuni ya matangazo, wala gazeti, wala kituo cha redio, bali huuza maneno yao kwa kipande, leo kwa huyu na kesho kwa yule. Kazi yao haina ofisi wala kibao mlangoni. Vyombo vyao ni simu ya mkononi, daftari na sikio. Nao wanapolala njaa, aghalabu si kwa sababu ya kukosa ufundi, bali ni kwa sababu hakuna anayewajua.

Chanzo kimoja cha balaa hili, kwa maoni yetu, ni methali. Tumelelewa na wazee waliotwambia kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi mtu aliyekulia katika adabu hiyo akitakiwa aende mlangoni kwa tajiri akajieleze, huona kama ameambiwa avue nguo hadharani. Methali ile ni ya hekima, walakini imevishwa kanzu isiyo kimo chake. Chema hujiuza pale kinapoonekana. Embe bivu juu ya meza ya Kongowea lina rangi yake na harufu yake, halihitaji wakili. Kazi ya mwandishi wa matangazo haiko hivyo. Maneno yake huonekana na mji mzima, naye mwenyewe haonekani. Kadiri tangazo linavyokuwa zuri ndivyo watu wanavyoikumbuka bidhaa na kumsahau mtunzi. Kwa hiyo akikaa kitako akingoja chema chake kijiuze, kitauza, ndiyo, lakini kitauza mchele wa mwenziwe.

Tazameni leso za mama zetu, ambazo ndugu zetu wa Unguja huziita khanga. Katika Mtaa wa Biashara hapa Mombasa liko duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887, na leso zake hupigwa chapa ya maneno Mali ya Abdulla. Leso ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani ule msemo ulioandikwa chini ya mji. Kila aliyepata kumsindikiza mama au mke dukani anajua kwamba jina ndilo linalochelewesha safari. Rangi imekubaliwa, bei imekubaliwa, kisha bibie akalisoma jina na kusema, "La, hili watu watadhani nawasema wao," na leso ikakunjwa ikarudishwa rafuni. Hapo ndipo biashara yote inapoamuliwa, katika msemo wa maneno matano au sita. Na mwenye duka tunamjua, maana tangu zamani alikuwa na busara ya kutia jina lake katika kila kitambaa. Lakini ni nani aliyetunga jina la leso aliyotunzwa bi harusi wiki iliyopita? Hatumlaumu mfanyabiashara hata kidogo. Yeye alijua kutia sahihi. Mtunzi hakutia.

Wala hali haijabadilika kwa kuja kwa simu. Mwaka 2012 Safaricom na Commercial Bank of Africa walipoanzisha huduma ya kuweka akiba na kukopa kwa simu waliiita M-Shwari, na shwari ni neno la mabaharia, bahari ikitulia na tanga likilala. Mkopo mdogo wa muda wa kupigia simu ukaitwa Okoa Jahazi. Mwaka 2019 ikaja Fuliza. Leo mtu wa Kericho au wa Lodwar ambaye hajapata kuliona jahazi kwa macho yake huokoa jahazi kila jioni. Hiyo ni dalili kwamba neno letu lina bei, na bei kubwa. Linalotusikitisha ni kuona kijana wa Mji wa Kale, ambaye maneno haya ameyanyonya kwa mamake, akiona haya kumwambia mwenye duka kwamba maneno ni kazi na kazi ina ujira.

Sasa tuje kwenye njia. Ajinadi vipi mtu huyu pasina kujidhalilisha?

Jawabu la kwanza liko barazani petu. Muuza kahawa wa Mji wa Kale hapigi makelele. Hugonganisha vikombe vyake mkononi, na mlio ule hutangulia kona ya mtaa kabla yake, nawe ukisikia tu mate hukujaa kinywani. Muuza halua naye hasimami kuisifu halua yake kwa nusu saa. Hukumegea kipande kidogo akakutilia juu ya karatasi, akanyamaza. Kionjo hicho ndicho kinachosema. Ukiisha kukionja una mambo mawili tu ya kufanya, kununua au kwenda zako, na wengi hununua.

Linganisheni na barua ambazo vijana wetu hupeleka kwa wenye biashara. "Mimi ni mwandishi hodari, mbunifu, mwenye tajriba ya miaka mingi, natoa huduma bora kwa bei nafuu." Maneno hayo hayo angeweza kuyaandika fundi bomba, dereva wa tuktuk au mchimba visima. Mwandishi wa matangazo akijitangaza kwa tangazo bovu, amekwisha kulijibu swali kabla ya kuulizwa. Tajiri ataisoma barua hiyo kwa jicho moja, na jicho la pili liko kwenye hesabu zake.

Chukulieni mfano wa muuza magodoro. Juu ya duka lake pana bango lisemalo: Magodoro ya hali ya juu kwa bei nafuu. Duka la jirani lina bango kama hilo, na la tatu vilevile. Mwandishi mwenye akili hapiti hapo akaomba kazi. Hukaa akatazama kwanza. Ni nani anunuaye godoro, na lini? Wako wanaooa. Wako wenye maumivu ya mgongo. Na Januari wako wazazi wanaopeleka watoto wao katika shule za bweni, wenye orodha ndefu mkononi, godoro na sanduku vikiwa juu kabisa ya orodha. Akiisha kuyaona hayo huenda nyumbani akaandika mstari mmoja, kisha akarudi saa ambayo duka halina watu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wauza nini?"

"Leo siuzi, mzee. Nimeona wazazi wengi wanapita hapa na orodha za shule na hawaingii. Nimekuandikia mstari huu, ukikupendeza utumie, usipokupendeza utupe."

Na juu ya karatasi imeandikwa: Mwana yuaenda bweni? Godoro lake liko hapa, na sanduku lake pia.

Mstari huo haukumsifu mwandishi hata kwa herufi moja. Wala haukulisifu godoro. Umemtaja mtu anayepita njiani na jambo lililomkaa rohoni asubuhi hiyo. Mwenye duka asiyejua hata maana ya kaulimbiu ataelewa, kwa sababu wale wazazi na yeye amewaona, ila hakuwa na neno la kuwaita. Akiubandika mstari na watu wakaingia, atamtafuta kijana mwenyewe. Asipoubandika, kijana amepoteza karatasi moja.

Lakini kionjo ni kipande, si sinia. Hapa vijana wengi huangamia upande wa pili. Mteja husema, "Niandikie kwanza matangazo matano nione kama wafaa," na kijana, kwa hamu ya kazi, huandika usiku kucha. Anayetaka vionjo vitano amekusudia kushiba bila kulipa. Kipande kimoja chatosha kuonyesha mkono. Cha pili kina bei yake, nayo itajwe papo hapo, kwa sauti ya kawaida, kama vile mtu anavyotaja bei ya samaki.

Kionjo pia kina wakati wake. Biashara za Pwani hufuata kalenda mbili, ya jua na ya mwezi. Januari ni ya sare za shule na magodoro. Agosti na Disemba ni za wageni wa bara wanaoteremka ufukweni. Na juu ya hizo huzunguka Rajabu, Shaabani, Ramadhani na Mfunguo Mosi, ambazo kila mwaka hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja katika kalenda ya ukutani. Mwandishi anayeijua kalenda hii hamwendei fundi wa kanzu siku ya ishirini na tano ya Ramadhani, maana fundi wakati huo hana hata nafasi ya kufuturu kwa utulivu. Humwendea mwezi wa Rajabu, cherehani zikiwa zimelala, na ubeti mmoja mkononi:

Siku mbili kabla Idi, fundi hukosa nafasi,
Umati huja kuzidi, kila mtu ana kasi,
Shaabani si baidi, kitambaa tupe sisi,
Uvae na kufaidi, wenzio wakidadisi.

Ubeti huo hauna makuu, wala hautaingia katika diwani ya mtu. Lakini fundi akiubandika ukutani, au akawapelekea wateja wake kwa WhatsApp, utamletea kazi miezi miwili kabla ya msukumano. Tena ataelewa jambo ambalo maelezo ya saa nzima yasingemwelewesha: kwamba mwandishi huyu ameijua shida yake. Shida ya fundi wa kanzu si kukosa wateja. Ni wateja kuja wote siku moja.

Twataka kusema neno pia juu ya wale wanaojitangaza kuwa wanaandika kila kitu kwa kila mtu. Mtu wa namna hiyo hakumbukwi na yeyote. Afadhali achague uwanja mmoja mpaka ajulikane kwao. Aliyeziandikia hoteli tatu za Diani, akajua kwamba mgeni anayeshuka kwenye treni kutoka Nairobi huuliza habari za kivuko cha Likoni kabla hajauliza bei ya chumba (ingawa siku hizi iko barabara ya Dongo Kundu), huyo akiiendea hoteli ya nne ana la kuzungumza. Hajipendekezi, anatoa habari. Na wenye hoteli hunywa chai pamoja na huulizana: nani aliyekuandikia haya?

Wako marafiki wengine wa mwandishi ambao yeye huwasahau. Mwenye biashara mpya hamfikirii mwandishi hata siku moja. Humfikiria mchora vibao, mpiga chapa, mtu wa kompyuta anayepanga kadi na vipeperushi, na mtangazaji wa redio anayemfahamu. Hao ndio walio mlangoni. Kila siku wao huletewa maneno mabovu wayachore au wayapige chapa, nao huyachora hivyo hivyo kwa sababu si kazi yao kuyasahihisha. Mwandishi akifanya urafiki nao, akawatengenezea maneno mawili matatu, na akakubaliana nao kwa uwazi fungu lao pindi wakimletea mteja, atakuwa na mawakala kumi ambao hawali mshahara.

Na asiogope kufundisha. Tuna tabia, tuliyoirithi kwa waganga, ya kuuficha ujuzi kama dawa. David Ogilvy, Mwingereza aliyekuwa akiuza majiko nyumba kwa nyumba kule Scotland katika miaka ya 1930, alifungua kampuni yake ya matangazo New York mwaka 1948 bila ya kuwa na mteja hata mmoja. Mwaka 1963 alitoa kitabu kilichoeleza waziwazi namna anavyofanya kazi, na baadaye akakiri kwamba nia moja ya kukiandika ilikuwa kuvuta wateja. Wapinzani walikisoma, naam, lakini wenye viwanda nao walikisoma. Kijana wetu hana haja ya kitabu. Kila Ijumaa akichukua tangazo moja la mjini, bila kumtaja mwenyewe wala kumfedhehesha, akaeleza katika ukurasa wake wa Facebook kwa nini neno fulani limekaa vibaya na lipi lingefaa, baada ya miezi mitatu mji utajua kwamba yupo mtu anayeshughulika na jambo hilo.

Watu watatwambia kwamba haya yote ni kazi bure, kwa kuwa siku hizi mashine zaandika. Zaandika, hatukatai. Programu za akili unde hutoa matangazo kumi kwa dakika moja, na Kiswahili chake aghalabu hakina kosa la sarufi, kama vile maji ya chupa yasivyokuwa na kosa la ladha. Kwa sababu hiyo, mwandishi asijaribu tena kuuza wingi wa maneno. Auze ujuzi wa watu. Ni yeye anayejua kwamba bango la "godoro yenye inakupea usingizi fiti" litamfanya mama wa Kibokoni acheke na kupita, na kwamba kijana wa Kayole ataliona ni la kwao kabisa. Sisi lugha hiyo hatuipendi, na kwa umri wetu hatutaanza kuipenda. Lakini mwenye kuuza godoro Kayole ana haki ya kuambiwa ukweli huo na mtu aliyewahi kukaa kituo cha matatu akasikiliza.

Ama kuhusu kujisifu, hapa pana mpaka. Sisi tuliosoma chuoni twalijua neno najashi: mtu kusimama mnadani akapandisha bei ya kitu asichokusudia kukinunua, ili amhadaa anayekitaka. Mtume (S.A.W.) aliikataza. Leo najashi imehamia kwenye simu. Mwandishi hulipwa atunge sifa za "mteja aliyeridhika" ambaye hakuzaliwa, na mbaya zaidi hujitungia yeye mwenyewe sifa za wateja watano kwa majina ya kubuni ili apate wa sita. Sheria ya Kulinda Wanunuzi ya mwaka 2012 hairuhusu kumdanganya mnunuzi kuhusu bidhaa au huduma. Na hata sheria ikiwa mbali, Mombasa ni mji mdogo. Mtu akiulizwa, "Huyu bwana aliyekusifu duka lake liko wapi?" asipate la kujibu, basi maneno yake yote ya mbele na ya nyuma yamekwisha thamani. Mteja mmoja wa kweli, aliye tayari kupokea simu na kusema, "Ndiyo, kijana huyu aliniandikia, na watu walikuja," ni bora kuliko hamsini wa karatasini.

Turudi kwenye jina, kwa kuwa hilo ndilo lililotufanya tuandike.

Washairi wa pwani hii hawakuwa na haya ya kujitaja. Beti za mwisho za shairi mtunzi hutaja jina lake, au lakabu yake, na mara nyingine hata mji wake, ili aliye mbali ajue maneno yametoka kwa nani. Ustadh Ahmad Nassir alipochapisha diwani yake mwaka 1971 iliitwa Malenga wa Mvita, na kwa maneno matatu msomaji aliijua kazi ya mtu na kwao. Hakuna aliyesema kwamba amejitembeza. Mwandishi wa matangazo naye ana haki ya lakabu, fupi, yenye kueleza kazi yake na mahali pake, nayo iwe moja tu, kwenye kadi, kwenye simu na kwenye ankara. Tumeona vijana wenye majina manne katika mitandao minne. Mteja atamtafuta yupi?

Pamoja na jina pawe na hifadhi. Muyaka bin Haji, ambaye husifiwa kwa kulitoa shairi msikitini na kulipeleka sokoni, alifariki mnamo mwaka 1840. Tungo zake zingalipotea kama si Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyezikusanya kutoka vinywani mwa wazee wa Mombasa na kumsaidia Mwingereza William Taylor kuziandika. Diwani yenyewe ilipigwa chapa mwaka 1940, karne nzima baadaye. Muyaka alikuwa na bahati ya kupata Sikujua. Mwandishi wa matangazo wa leo hana wa kumkusanyia, kwa hiyo ajikusanyie. Kila kazi iliyotoka iwekwe katika jalada: picha ya bango likiwa mahali pake, sauti ya tangazo la redio, tarehe, na sentensi mbili za kueleza mteja alikuwa na shida gani na kilichotokea baadaye. Hizo sentensi mbili ndizo zenye nguvu kuliko picha. Jalada la kazi sita zilizoelezwa hivyo hufungua milango ambayo jalada la kazi sitini tupu haliwezi.

Na hapo ndipo inapoingia sheria, ambayo vijana wengi hawaijui mpaka waumie. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, mtunzi ndiye mwenye haki ya kwanza juu ya kazi yake. Lakini kazi ikiwa imeagizwa na mteja, haki hiyo huhesabiwa kwamba imehamia kwa mteja, isipokuwa pande mbili ziwe zimekubaliana vingine. Maana yake ni kwamba ukinyamaza, umetoa. Inabaki haki ya kutambuliwa kuwa wewe ndiwe mtunzi na ya kupinga kazi yako isiharibiwe, lakini haki isiyoandikwa popote ni ngumu kuidai kwa mtu mwenye wakili. Tena msemo wa maneno mawili matatu ni vigumu kuuwekea hakimiliki hata kidogo. Kwa hiyo kabla ya kuandika neno la kwanza, paandikwe makubaliano, hata ya nusu ukurasa: kazi gani, kwa bei gani, itumike wapi na kwa muda gani, marekebisho mara ngapi, na kwamba mwandishi anaruhusiwa kuionyesha kazi hiyo kwa wengine kuwa ni yake.

Wapo watakaoona kwamba kuandikiana na mtu unayesali naye ni kutomwamini. Na wakumbuke kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Sura ya al-Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Mwenyezi Mungu hakuona aibu kulitaja jambo hilo kwa urefu, sembuse sisi.

Arubuni nayo ipokelewe mwanzoni, nusu ya ujira kwa mteja mgeni. Tajiri anayetoa arubuni atasoma kazi yako kwa makini, maana fedha yake imo ndani. Ankara iwe na namba ya kodi na ipitie mtambo wa eTIMS, kwani tangu mwaka 2024 kampuni hazitaki karatasi isiyopitia huko. Na mtu asipolipa, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kusikiliza kesi mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria inaitaka itoe hukumu katika siku 60. Mlalamikaji anaweza kujisimamia mwenyewe. Huenda hutaifikia kamwe, ila mteja akijua kwamba unaijua njia ya kwenda huko, ataitafuta simu yake haraka.

Neno letu la mwisho tunalielekeza kwa wenye biashara. Ukipita barabara ya Digo au Mwembe Tayari ukatazama vibao vya maduka, utaona pembeni, chini kabisa, jina la mchoraji na namba yake ya simu kwa herufi ndogo. Kwenye kalenda na vipeperushi utaona jina la mpiga chapa. Hakuna mwenye duka aliyepata hasara kwa hilo, na wachoraji hupata kazi kwa herufi zile kila siku. Aliyeandika maneno yenyewe hayumo. Pembe ile ya kibao ina nafasi ya mstari mmoja zaidi. Vijana wauombe mstari huo, waombe kwa adabu na mapema, siku ile ile ya kutaja bei, nanyi mabwana na mabibi wenye maduka, mkiombwa, wapeni.